Mkono Uliopigwa Unga

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, Shangazi aliingiza mkono ndani ya kiatu cha kulia, akapapasa mpaka kwenye ncha ya vidole, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotelea godoroni. Kisha cha kushoto. Kisha akavigonga vyote viwili kwenye kizingiti, ko, ko, akavaa, akaenda zake. Sikuwahi kumwona akitoa kitu humo. Siku moja nikamuuliza anatafuta nini.

"Kokoto."

"Umewahi kuikuta?"

"Siku nitakayoacha kuitafuta, mwanangu, ndiyo siku itakayoingia."

Hilo alifundishwa na nesi wa kliniki. Mwenye kisukari anaweza kutembea na kokoto kutwa nzima asiisikie, akija kuvua kiatu anakuta soksi ina damu. Mambo mengine ya nesi yaliingia sikio hili yakatokea lile, lakini la viatu Shangazi alilishika, kwa sababu miguu ndiyo ilikuwa mali yake. Kazini walimwita Kiguu na Njia. Wakiwa na haraka walisema Kiguu tu.

Alikuwa hajui kukaa. Chai alikunywa amesimama. Hadithi alisimulia akizunguka meza, ukitaka kusikia mwisho wake umgeukie kama alizeti inavyogeukia jua. Ukimpa kiti alikishika mgongoni kwa mikono miwili, asikikalie.

"Wifi, hicho kiti hakina miiba," Mama alimwambia.

"Najua, wifi. Ndiyo maana nakiogopa. Ukishakaa kwenye kiti kizuri, unaanza kuletewa blanketi."

Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kupaka shira, uji mzito wa sukari. Skonzi zikitoka motoni zinapangwa kwenye meza ndefu ya bati, trei kwa trei, na lazima mtu azipitie kwa brashi zikiwa bado zinafuka moshi, kwa sababu skonzi iliyopoa haikubali shira, inaiacha iteleze kama maji kwenye jani la yungiyungi. Kwa hiyo mpaka shira hatembei, anakimbia. Ndoo mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia, kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, na akifika mwisho mwanzo umeshajaa tena. Nilipompelekea chakula nilisimama mlangoni nikamtazama. Nilichoka mimi.

Pale tanurini hawanawi katikati ya kazi. Maji na unga ni maadui mpaka fundi mwenyewe awapatanishe, na tone moja likidondoka pasipotakiwa linaharibu kazi ya asubuhi nzima. Mkono ukinata unauchovya kwenye unga mkavu, unausugua, unapiga makofi mawili, vumbi jeupe linaruka, unaendelea. Mzee anayesimamia moto, ambaye kila mtu anamwita Bwana Tanuri, huwaambia wageni siku ya kwanza kabisa: "Hapa mkono uliopigwa unga ni mkono safi. Ukitaka kunawa, nenda msikitini au nenda nyumbani."

Sasa niseme habari ya nyumbani, maana huko ndiko vita ilikokuwa.

Baba ni mdogo wake Shangazi, na kazi yake ni kutunza stoo ya vipuri. Kila kitu kwa Baba kina ufunguo, na kila ufunguo una namba. Shangazi alipoambiwa ana kisukari, miaka miwili iliyopita, Baba alimtoa kwenye chumba chake cha kupanga akamleta kwetu, halafu akanunua kisanduku cha bati chenye kufuli akakiweka ndani ya friji. Humo zikakaa chupa za insulini. Mashine ya kupimia na vijiti vyake vikakaa kabatini, navyo vikafungiwa. Funguo zilining'inia shingoni mwake, chini ya fulana. Asubuhi alimwita dada yake, akamtoboa kidole, akasoma namba, akavuta dawa, akamchoma. Jioni vilevile. Alikuwa na mkono mwepesi, haumizi. Shangazi aligeuza uso ukutani kama mtoto anayetahiriwa.

Msimwone Baba mbaya. Mama yao alikufa kwa ugonjwa huohuo. Walimkata mguu mmoja, baadaye wa pili, na aliyekuwa akifunga na kufungua kidonda ni Baba, akiwa na umri wangu huu wa sasa. Hasemi habari hiyo. Lakini mtu akitaja harufu ya dawa ya hospitali, anatoka nje.

Shangazi alivumilia mwaka wa kwanza. Wa pili akaanza kutapatapa. Alizunguka ua. Alifagia palipofagiliwa. Siku ya kliniki akamwambia nesi, mbele ya Baba, "Mimi nina miaka hamsini na mitatu, nafungiwa dawa kama sukari inavyofichwa watoto."

Nesi, mama mmoja mnene anayeongea polepole, akamgeukia Baba. "Kaka, huyu si kipuri. Mpe mwezi mmoja ajipime, ajichome, aandike. Namba zikiwa nzuri, mwachie."

"Na zikiwa mbaya?"

Shangazi akadakia kabla nesi hajafungua mdomo. "Zikiwa mbaya naacha kazi, nakaa kwenye kile kiti chenu, na funguo unabaki nazo mpaka unizike."

Mdomo wake na wenyewe ulikuwa na miguu. Baba akasema, "Sista, umesikia. Uwe shahidi."

Nesi akampangia. Apime asubuhi, saa nne akiwa kazini, na jioni. Namba nzuri ni chini ya kumi; ya saa nne ikizidi kumi na nne, aongeze yuniti mbili za insulini, si zaidi. Na anawe mikono kwanza. Shangazi akaitikia "ndiyo, sista" kwa kila kitu, huku mguu mmoja uko mlangoni. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini namba zangu zinasomeka, kwa hiyo daftari nikapewa mimi.

Wiki ya kwanza alikuwa kama mtu aliyetoka kifungoni. Alinunua chupa ya chai ndogo, akatia maji baridi, akaifungia insulini ndani ya mfuko wa nailoni akaizamisha humo. Alijichoma huku akipiga mluzi. Asubuhi sita, asubuhi saba, jioni nane. Niliandika kwa kalamu ya buluu.

Ila saa nne. Saa nne ilikuwa kumi na tano. Kesho yake kumi na saba. Keshokutwa kumi na tisa.

"Umekula nini?" nilimuuliza.

"Mkate kipande kimoja na yai. Hata shira sijalamba, na nyuki wote wa mtaa huu wananionea wivu."

Akapunguza mkate. Akauacha kabisa. Na kila saa nne, kwa kuwa namba imezidi, aliongeza zile yuniti mbili, kama alivyoambiwa. Jioni alirudi amelowa jasho, midomo imekauka, anakula chakula kama anagombana nacho. Asubuhi namba ni nzuri. Saa nne imepanda tena. Jumapili, siku ya mapumziko, zote tatu nzuri. Jumatatu kumi na nane.

Nilianza kumwona anapungua, lakini si mwili. Alikuwa mtu anayejua chumvi ya mchuzi kwa kunusa, anayejua mkate umeiva kwa kuugonga chini na kusikiliza. Sasa aliniuliza, "Hebu niangalie. Nina njaa mimi, au nimeshiba?" Nikacheka nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Alisimama katikati ya ua na mkono tumboni, anasubiri nimjibu.

"Huu mwili nimekaa nao miaka yote hii," akasema, "sasa unanisengenya."

Baba alilifungua daftari kila jioni, akapitisha kidole, akalifunga.

Siku ya kumi na tisa, mchana, tukasikia hodi. Alikuwa Bwana Tanuri, na aproni yake bado kifuani, amemshika Shangazi mkono. Shangazi alikuwa anatembea mwenyewe, lakini kama mtu anayekanyaga juu ya magodoro. Nywele zilikuwa na unga, kidevu kina shira.

"Msishtuke," Bwana Tanuri akasema, "ameshakuwa mzima. Asubuhi namwona anapaka, anapaka, brashi inakwenda vizuri, ila trei ziko upande ule. Nikamwambia, Kiguu, unapaka hewa! Akaniangalia akaniita kwa jina la marehemu mama yake. Halafu akakaa. Mimi nimemjua miaka ishirini, sijapata kumwona akikaa. Ndipo nikajua kuna hatari."

Baba alikuwa amewahi kurudi kutoka kazini siku hiyo. "Mlimpima?"

"Tulimpima. Mashine ikasema kumi na sita."

"Kumi na sita! Mkafanya nini?"

Bwana Tanuri akajikuna sikio. "Nikampa kikombe cha shira."

Sijawahi kumsikia Baba akipiga kelele kama siku ile. "Sukari imepanda mpaka anaanguka, nanyi mnamwongezea shira! Mnataka kumuua?"

"Bwana mkubwa, mimi sijasoma. Lakini mke wangu ana ugonjwa huu, namjua akitetemeka na jasho la baridi, hiyo ni sukari imeshuka, si kupanda. Mashine iseme itakavyo. Nilimpa, na baada ya dakika kumi akaniuliza nani ameacha skonzi zake zipoe."

Baba hakutaka kusikia. Kesho yake alfajiri aliingia kwa Tajiri mwenye tanuri akamwambia dada yake hatakuja tena. Aliporudi alikuta Shangazi amekwisha kupapasa viatu. Akamwambia. Funguo zikarudi shingoni, mashine ikarudi kabatini, na kiti kikawekwa kivulini na mto juu yake.

"Ulisema mwenyewe, dada. Mbele ya nesi."

"Nilisema." Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha.

Lakini hakukikalia. Siku nne alizunguka nyumba ile, sebuleni, jikoni, uani, sebuleni, mpaka Mama akasema atakuja kuchimba mfereji. Akishika ufagio anauacha katikati ya chumba. Akianza sentensi anaimalizia chumba kingine.

"Nisomee tena," aliniambia.

Nikamsomea daftari. Asubuhi sita. Saa nne kumi na saba. Jioni saba.

"Kumi na sita," akasema, akizunguka. "Kumi na sita, nikanywa shira, nikapona. Ningekuwa nayo kumi na sita kweli, kikombe kile kingenilaza. Sasa mwongo ni nani? Shira, mashine, au mimi?"

"Labda mashine imeharibika."

"Mbona hapa nyumbani inasema kweli?"

Akaenda uani, akarudi.

Siku ya tano Mama alirudi sokoni na mfuko mkubwa wa sukari, na kwa kuwa Shangazi alikuwa anamkanyaga kila anapogeuka, akampa kazi. "Wifi, kwa hisani yako, nijazie makopo haya, nami nipumue." Shangazi akajaza kwa kiganja, makopo matatu. Alipomaliza akafanya kama wafanyavyo tanurini. Akachovya mikono kwenye unga wa ngano uliokuwa pembeni, akasugua, akapiga makofi mawili. Wakati huohuo Baba akaita, maana saa ya kupima ilikuwa imefika.

Akaenda akanyoosha kidole, uso ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na daftari. Baba akatoboa, akaweka tone, akasubiri.

"Ishirini na mbili." Akamwangalia kama anayemwona mama yao. "Dada, umekula nini?"

"Sijala."

"Dada!"

"Sijala tangu asubuhi, muulize wifi." Akaacha kuangalia ukuta. Akaangalia kidole chake, chenye damu kidogo na weupe pembezoni. Akakitia mdomoni. Akasimama hivyo, kidole mdomoni kama mtoto mchanga, macho yamemtoka.

Kisha akakimbia. Tulisikia bomba likifunguliwa, tukasikia sabuni ikianguka, ikiokotwa, ikianguka tena. Akarudi mikono inachuruzika, akajifuta kwa kanga mpya ya Mama, Mama akaguna, naye akamnyooshea Baba kidole cha mkono wa pili.

"Pima."

"Tumeshapima."

"Pima, mdogo wangu!"

Saba.

Shangazi akamshika Baba mkono, akauvuta hadi jikoni, akauzamisha kwenye kopo la sukari, akaupiga unga, akapiga makofi mawili yeye mwenyewe kwa mikono ya Baba. Akamtoboa. Baba, ambaye hana hata mafua, akatazama mashine.

"Ishirini na sita," nikasoma mimi.

"Pole sana, mgonjwa mwenzangu," Shangazi akasema. "Tukuletee kiti?"

Mama alicheka mpaka akashika meza. Hata Baba aliachia nusu tabasamu. Shangazi alikuwa anaruka jikoni nzima, anaongea na makopo. "Nilikuwa napima shira! Siku zote zile nilikuwa naipima shira, si damu! Naziongezea skonzi insulini, najichoma sumu kwa ajili ya skonzi! Mwili ulinipigia kelele nimeshuka, nimeshuka, nami nauambia nyamaza, mashine imesema." Akasimama mbele ya Baba, anahema. "Unaona? Mwili wangu haukunidanganya. Ni mikono tu. Nikinawa, najimudu."

Hapo ndipo mambo yangeweza kwisha vizuri. Niliona Baba akishika uzi wa shingoni, nikadhani anauvua.

Alikuwa anauweka sawa.

"Nimekubali," akasema, kwa upole kabisa. "Ilikuwa mikono. Umegundua jambo kubwa, dada. Basi kuanzia leo, kabla ya kukupima, nitakuwa nakunawisha mwenyewe."

Shangazi akatoka uani, akautupa mto pembeni, akakaa kwenye kile kiti.

Alikaa mpaka giza likaingia. Hakutingisha hata mguu. Mama alimpitia mara tatu akijifanya anaanua nguo. Mara ya nne akaniita pembeni. "Shangazi yako ana nini?" Nikasema amekaa tu. "Ndiyo hicho ninachouliza," akasema Mama.

Kesho yake Shangazi alikwenda kliniki peke yake, kwa miguu. Nesi alipiga paja. "Niliwaambia mnawe!" Shangazi akamjibu, "Sista, ulituambia tunawe, nami nilijua nimenawa." Akatoka huko na mashine nyingine ya kliniki na karatasi ya dawa yenye jina lake. Akapitia tanurini. Mahali pake alikuwa ameshawekwa kijana anayepaka shira kama anapaka rangi ukuta. Tajiri alisikitika, lakini ndugu yako alisema, na kadhalika. Bwana Tanuri ndiye aliyemfuata nje. Alimwambia dada yake mwenyewe ana tanuri dogo mji wa pili, na chumba cha nyuma, na shira inateleza kwenye skonzi zake kila siku kwa kukosa mkono mwepesi.

Hakutuambia hayo siku hiyo. Aliniambia mimi asubuhi yake, akikunja nguo, kwa sababu nilikuwa namtazama na sikuuliza.

"Baba atalia," nikasema.

"Atalia. Hajalia tangu ana miaka kumi na mitano, na machozi yakilala ndani yanakuwa mabaya." Akafunga mfuko. "Mwanangu, baba yako ananipenda. Lakini mtu akikushika mkono siku zote, unasahau kama una mkono."

Baba alikuja na funguo zake. Shangazi alikuwa ameshanawa, mikono inanukia sabuni. "Fungua, mdogo wangu." Baba akafungua friji, akafungua kisanduku, akadhani ni saa ya sindano, na kweli ilikuwa. Ila Shangazi alichukua chupa yeye, akajipima, sita, akavuta dawa, akainua bomba la sindano juu kwenye mwanga akaligonga kwa kucha, akajichoma, bila kugeukia ukuta. Halafu akazitia chupa zote ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, akafunga kifuniko.

"Dada, zirudishe."

"Ziko mahali pake."

Ndipo Baba akauona mfuko. "Unakwenda wapi? Huko nani atakuangalia?"

"Mimi."

"Ukianguka?"

"Nilianguka mikononi mwa wanaojua, wakaniinua. Nitakaoishi nao nitawaambia siku ya kwanza, kabla ya salamu." Akamshika bega. "Mimi si mama. Niangalie vizuri. Mimi si mama."

Baba alikuwa amekishika kiti mgongoni, kwa mikono miwili.

Kizingitini Shangazi akaingiza mkono kwenye kiatu cha kulia, akapapasa. Cha kushoto. Ko, ko. Akambusu Mama, akanivuta sikio, akashika njia, chupa ya chai kwapani, mfuko begani, mwendo uleule wa mtu ambaye skonzi zake zinapoa.

Karibu na kona akasimama ghafla. Mama akasema, "Amesahau kitu, anarudi," na Baba akapiga hatua moja kutoka mlangoni. Shangazi aliegemea ukuta kwa mkono mmoja, akavua kiatu cha kushoto, akaingiza mkono. Safari hii akatoa kitu, kidogo, sikukiona kutoka pale, akakitazama, akakitupa. Akakigonga kiatu ukutani, akavaa.

Kisha akakata kona. Hakurudi.